Njia ya magari ya rimoti sebuleni: pima kwanza, chora baadaye

Njia yangu ya kwanza niliichora daftarini ikapendeza kweli. Ilinyooka kutoka sebuleni, ikakata ukumbi hadi mlango wa jikoni. Gari liliufuata mlango huohuo, bampa ikapasuka siku ya kwanza. Sasa penseli siishiki kabla ya futi kamba.

Hapa nazungumzia magari ya 1/28, yaani madogo mara 28 kuliko gari halisi, kama Mini-Z za Kyosho ya Japani: urefu kama sentimita 16, upana kama 7. Mwenye gari la 1/10 aachane na sebule, atafute uwanja.

Hatua ya 1: Pima gari

Kata usukani mpaka mwisho, liache gari lizunguke taratibu, ufuatishe tairi la nje kwa chaki. Upana wa duara hilo ndio kona kali kuliko zote ambayo gari lako linaiweza. Ukipata sentimita 100, kona ya kugeuka nyuma ipe 120, kwa sababu kwenye mbio hakuna anayekata usukani kwa ustadi huo.

Hatua ya 2: Amua upana wa njia

Mimi natumia sentimita 60. Magari mawili yanapitana bila ugomvi. Ukibana hadi 40, kila kona ni ajali. Ukipanua hadi 90, raha ipo ila chumba kinakwisha.

Sasa piga hesabu. Eneo la mita 4 kwa 3 ni mita 12 za mraba. Gawanya kwa 0.6, unapata 20: mita 20 za njia, na hapo umejaza kila pembe. Toa kama robo, maana pembe nyingine hazitumiki. Una mita 15.

Usihuzunike. Gari la kilomita 20 kwa saa linakata mita 5 na nusu kwa sekunde, kwa hiyo hata ungekuwa na ukumbi wa shule, sehemu iliyonyooka ingeisha kabla hujaifaidi. Utamu wa njia ya nyumbani uko kwenye kona. Weka moja pana ya kupita bila kuachia mafuta (najua ni betri, ndivyo tunavyosema), mbili za kupinda kulia na kushoto mfululizo, na moja ya kugeuka nyuma. Sehemu iliyonyooka isielekee ukuta. Ikibidi, weka mto mwishoni.

Hatua ya 3: Tafuta pa kusimama

Hili wengi hulisahau. Dereva hasogei, kwa hiyo lazima aone njia nzima kutoka sehemu moja. Simama hapo na rimoti mkononi. Kona inayokulazimisha kuchungulia nyuma ya kochi, ifute. Mimi napanda stuli.

Hatua ya 4: Sakafu

Marumaru zinafaa, ila fagia kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi kidogo tu na gari linateleza kama sabuni. Mikeka ya sponji ya watoto, ile inayoungana vipande vipande, inashika tairi vizuri zaidi. Zulia la manyoya usiliguse. Nyuzi zinajiviringa kwenye ekseli, utazitoa kwa sindano.

Hatua ya 5: Kingo

Tumia mpira wa kumwagilia bustani. Ukiwa umekunjwa siku nyingi hautakubali kunyooka, basi uanike juani nusu saa, ulainike, ndipo uchore njia sakafuni kwa chaki na kuulaza juu ya mistari hiyo. Ushikize hapa na pale kwanza kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi, usioacha alama. Mpira ukilala sakafuni, unene wake ufike juu ya kitovu cha tairi. Ukiwa mwembamba, gari linaparamia na kukatiza, na hapo ndipo watoto huanza: "Baba, ameiba kona!"

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kushikiza kila kitu

Zunguka mara 10, kisha mara 10 upande wa pili. Gari likigonga palepale mara tatu, kosa ni la kona: ipanue kwa kiganja kimoja, ujaribu tena. Ukiridhika, piga picha ukiwa juu ya stuli, na kama una mikeka, andika namba nyuma ya kila kipande. Wageni wakija unakunja kila kitu, na jioni unapanga tena bila chaki.