Somo: Kubeba na kubadilisha fedha unapokwenda Dubai

Somo hili ni la anayetoka Dar, Zanzibar, Mombasa au Nairobi, awe anakwenda kutembea au kufuata mzigo. Kwanza shika jambo moja: tangu 1997 dirhamu, fedha ya Dubai, imefungwa kwenye dola ya Marekani, dola 1 kwa dirhamu 3.6725. Kwa hiyo bei yoyote utakayotajiwa unaipima palepale dirishani, hata simu ikiwa imezimika.

Hatua ya 1: Nunua dola nyumbani
Shilingi zibadilishe kabla ya safari, benki au kwenye duka lenye leseni, na udai risiti. Chukua noti za 100, zile zenye utepe wa buluu zilizoanza kutoka 2013. Zikague moja moja mbele ya karani. Iliyochanika, yenye muhuri au iliyoandikwa kwa kalamu irudishe hapohapo, maana ukishatoka mlangoni hasara ni yako: utakapokwenda kuibadilisha itakataliwa au utakatwa bei.

Hatua ya 2: Tangaza
Ukitoka Tanzania na fedha taslimu zaidi ya dola 10,000, toa tamko forodhani. Kwa Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai imo ndani yake, kikomo ni dirhamu 60,000, yaani kama dola 16,300, kwa kila mtu mzima, kuingia na kutoka, na dhahabu na vito vinahesabiwa humo. Wanunuzi wa dhahabu hulisahau hili wakati wa kurudi. Kutangaza hakukutozi chochote. Anayeficha ndiye anayeshikiliwa fedha zake.

Hatua ya 3: Ukitua
Uwanjani badilisha kidogo tu, dola 20 zinatosha. Kadi ya Nol ya rangi ya fedha (Silver), ya kupandia metro na basi, ni dirhamu 25, na 19 kati ya hizo ni nauli yako.

Hatua ya 4: Badilisha mjini
Hapa ndipo watu wanapopoteza. Usiulize bei, uliza hivi: “Nikikupa dola 1,000, napata dirhamu ngapi mkononi, makato yote yakishatoka?” Duka linaweza kubandika bei nzuri ubaoni kisha likakata ada kwenye risiti. Kwa bei kamili ungepata 3,672.50. Anayekupa 3,650 amechukua 22.50, hiyo ni haki yake ya biashara. Anayekupa 3,500 amekula 172.50, ondoka, vuka barabara. Nenda na pasipoti, wataiomba.

Hesabu fedha kabla hujatoka dirishani, na usome upande wa Kiingereza wa noti. Upande wa pili 5 ya Kiarabu ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta, hivyo 50 humchanganya mgeni kabisa. Ukipewa 50 moja ya karatasi na nyingine ya plastiki usishtuke, zote ni halali.

Hatua ya 5: Kadi
Ijulishe benki yako kabla ya safari. Mashine ikikuuliza ulipe kwa dirhamu au kwa fedha ya kwenu, chagua dirhamu kila mara. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga bei, na hapangi kwa faida yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikienda na shilingi nikabadilishie hukohuko?
Jibu: Marahaba. Usifanye hivyo. Hata ukimpata anayezipokea, bei yake itakuumiza. Badilisha nyumbani.

Swali: Hoteli imeshika hela kwenye kadi yangu wakati chumba nimeshalipia. Ni wizi?
Jibu: Hapana, kaka, ni amana. Shida ni kwamba kwenye kadi inayokata akaunti moja kwa moja, hela hiyo inaweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Omba kuweka amana kwa fedha taslimu, udai risiti, na uichukue siku ya kutoka. Ulizia pia ada ya utalii: dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kutegemea hadhi ya hoteli, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Swali: Kuna kodi ya kurudishiwa?
Jibu: Ipo, dada. VAT ni asilimia 5. Duka liwe kwenye mpango huo, ununue kuanzia dirhamu 250, na uonyeshe pasipoti wakati wa kulipa. Uwanjani pita kwenye dawati la kodi kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu wanaweza kutaka kuona bidhaa. Kodi hairudi yote: wanabakiza sehemu yake, na wanakata dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Mfano: umelipa 1,050, kodi ni 50, unapata chini ya hapo. Mzigo uliopeleka kwa kago hauhesabiwi. Lazima usafiri nao.

Swali: Dirhamu zikibaki je?
Jibu: Noti zigeuze dola mjini, kwa swali lilelile la hatua ya 4. Sarafu zitumie kabla ya kuondoka, maana nyumbani maduka ya kubadilishia kwa kawaida hayazichukui.