Hundi ya ziada ya eskro: kagua kabla ya kuitumia
Kama una mkopo wa nyumba Marekani na umeletewa hundi ya ziada ya eskro (akaunti ambamo kampuni ya mkopo hutunza sehemu ya malipo yako ili ilipe kodi ya nyumba na bima), usiikimbilie. Fungua kwanza taarifa ya mwaka ya eskro, tazama mistari ya kodi ya nyumba na bima, kisha ingia tovuti ya kaunti uthibitishe kodi imelipwa kweli. Wakati mwingine hiyo "ziada" ni bili tu ambayo haijalipwa, hasa mkopo ukiwa umehamishiwa kampuni nyingine. Ukiila, mwakani utadaiwa pengo na malipo ya mwezi yatapanda.

Ukibadili bima katikati ya mwaka, kampuni ya zamani hukurudishia wewe hela, ilhali bima mpya imelipwa na eskro. Ipeleke kwa kampuni ya mkopo, ueleze kwa maandishi ni ya eskro, la sivyo wanaweza kuikata kwenye deni lenyewe.

Kisheria, ziada ya dola 50 au zaidi hurudishwa ndani ya siku 30 tangu hesabu ifanywe, mradi hujachelewa kulipa. Ukimaliza mkopo, salio lote ndani ya siku 20 za kazi. Umehama? Wape anwani mpya mapema.