Jirani kakutangazia vita zamu ya 25 kwenye Civ 6: jinsi ya kubaki na mji wako

Kama umepanda mpaka levo za juu za Civilization VI (gemu ya kompyuta ya kujenga himaya, mnacheza kwa kupokezana zamu), yaani Immortal au Deity, hii itakuwa imeshakukuta: una miji miwili, mjenzi mmoja yuko bize na shamba, unapanga mlowezi wa tatu wa kwenda kuanzisha mji mpya, mara jirani anatokea kwenye skrini anatangaza vita na ukicheki mpakani askari wake watano wameshaanza kuingia. Wengi hapo hapo wanafuta gemu wanaanza upya. Usifute aisee, vita ya hivi inabebeka kabisa, na ukishaibeba mara moja hutaiogopa tena.

Namba ya kushika kichwani ni 10. Kwenye spidi ya kawaida vita ikishatangazwa huwezi kusaini amani mpaka zamu 10 zipite, we wala yeye. Kwa hiyo kazi yako sio kumshinda, kazi yako ni mji usianguke ndani ya hizo zamu 10 na umuulie askari wengi kadiri unavyoweza bila kupoteza wa kwako. Ukilielewa hilo, mambo mengi ya kijinga unaacha kuyafanya, hasa kutoka nje ya mji kwenda kuwafuata.

Kwenye Deity kompyuta inaanza na walowezi 3 wakati we una mmoja, inaanza na askari wa rungu 5, na kila kikosi chake kina nguvu +4 juu ya ya kawaida. Askari wako wa rungu ana 20, wa kwake ni 24, ukigongana naye uso kwa uso kwenye tambarare we ndo utaumia zaidi. Ila akili yake ya kupigana haijaongezwa, ni ile ile ya levo za chini: anakuja mmoja mmoja, anasimama sehemu mbaya, anakimbilia kupora shamba wakati mji uko wazi mbele yake. Hapo ndo pa kumshikia.

Kabla ya vita kuna kitu rahisi mno watu wanakiruka. Zamu ile ile unayokutana na jirani mpelekee ujumbe wa kidiplomasia, ni dhahabu 25 tu, na mara nyingi siku ya kwanza anaupokea, ukisubiri zamu tatu nne ameshaanza kukuchukia na anakataa. Halafu endelea kumwomba urafiki kila baada ya zamu kadhaa, akikubali hawezi kukutangazia vita kwa zamu 30, na zamu 30 mwanzoni mwa gemu ni muda mkubwa sana. Gilgamesh, kiongozi wa Sumeria, kwa mfano anapenda marafiki, na anastahili kupewa urafiki haraka manake mikokoteni yake ya vita ina nguvu 30 na anaweza kuitengeneza toka zamu ya kwanza. Montezuma, kiongozi wa Waazteki, ni mgumu zaidi, askari wake wa mwanzo wana 28 badala ya 20 na anachukia mtu mwenye mali za anasa ambazo yeye hana, nikimwona karibu naanza kujenga jeshi bila kusubiri dalili.

Dalili zenyewe ni hizi: askari wawili watatu wanakaa mpakani kwako hawana mlowezi wa kumsindikiza wala washenzi (wale maadui wasio na taifa wanaozurura ramani) wa kupigana nao, na nguvu ya jeshi lako ukiiangalia juu kwenye orodha ya viongozi iko chini mno kuliko yake. Kompyuta inampiga mnyonge. Hata wapiga kombeo wawili zaidi wanaweza kumfanya ageukie mtu mwingine.

Na hao wapiga kombeo ndo moyo wa habari yote. Mmoja ni uzalishaji 35, rahisi kuliko hata askari wa rungu. Tengeneza wawili au watatu mapema, na mmojawapo umuulishe mshenzi: askari wako wa rungu ampunguze kwanza, mpiga kombeo ammalizie, hapo unapata Eureka, yaani bonasi ya kuharakisha utafiti, ya Archery, teknolojia inayokupa wapiga mishale. Wakati huo huo weka akiba ya dhahabu, usiimalize kwenye kununua ardhi, manake kumpandisha mpiga kombeo mmoja kuwa mpiga mishale ni dhahabu 60 tu, wakati kununua mpiga mishale mpya ni 240. Kuna gemu moja nilikuwa na dhahabu 190, Archery ikaisha zamu moja baada ya vita kutangazwa, nikapandisha watatu kwa mpigo, na jirani aliyekuja kukuta kombeo akakuta mishale.

Tuangalie hesabu yake kwa karibu kidogo. Mpiga mishale anapiga kwa 25, askari wa Deity ana 24, mshale wa kwanza unamtoa kama 31 kwenye uhai wake wa 100. Akishaumia na nguvu inashuka, kwa hiyo mshale wa pili unatoa kama 35 na wa tatu kama 40. Yaani wapiga mishale watatu wakimlenga MTU MMOJA kwa kawaida wanamuua zamu hiyo hiyo, tena yeye hajamgusa yeyote. Ukigawa mishale yako kwa askari watatu tofauti, zamu inayofuata wote watatu bado wako hai na wanakupiga. Siku zote lenga mmoja mpaka afe, ndo uhamie kwa mwingine. Akiwa kwenye kilima au msitu anapata +3, basi muache kwanza, piga aliye kwenye tambarare.

Mpangilio wangu ni hivi, mpiga mishale mmoja ndani ya mji (akiwa humo adui anaupiga mji, sio yeye), wengine wawili nyuma ya mji au upande wa pili wa mto, na askari wa rungu anakaa kwenye kilima pembeni, anajiimarisha na hatoki. Akijiimarisha zamu mbili anapata +6, ongeza +3 za kilima, na mtu akimvamia kwa kuvuka mto anapungukiwa 5, hapo yule wa Deity mwenye 24 anajikuta anagonga ukuta. Kazi nyingine ya huyu wa kilimani ni kuzuia mji usizungukwe. Mji ambao haujazingirwa unarudisha uhai 20 kila zamu, ukizingirwa pande zote haurudishi kitu, na miji mingi inayoanguka mapema inaanguka kwa sababu hiyo.

Kikosi kikipata cheo usikipe haraka. Cheo kinarudisha uhai 50, kwa hiyo kiweke mpaka kikosi kiumie ndo ukibonyeze, ni kama dawa uliyoiweka mfukoni.

Kuhusu ukuta, hii inawaumiza wengi: ukuta HAUNUNULIWI kwa dhahabu. Lazima mji uujenge, uzalishaji 80, na kwa mji mdogo hizo zinaweza kuwa zamu 15 na zaidi. Kwa hiyo kama jirani ni wa kuogopwa chukua Masonry, teknolojia inayofungua ukuta, mapema, anza ukuta kabla, na kama kuna msitu karibu mwache mjenzi aukate uzalishaji uingie humo. Ukuta ukisimama, mji unaanza kupiga mishale wenyewe, na nguvu ya pigo lake inafuata mpiga mishale wako bora. Askari wa rungu akiugonga ukuta anautoa asilimia 15 tu ya pigo lake, atahangaika mpaka achoke. Shida ni akija na gogo la kubomolea, gogo likifika ubavuni mwa mji askari wake wa ana kwa ana wanaoushambulia wanaupiga ukuta kwa nguvu yote, basi ukiliona mishale yote imwendee anayelisindikiza, gogo likibaki peke yake halina kazi.

Kadi za sera nazo usizisahau. Vita ikinukia weka Agoge, inaongeza asilimia 50 ya uzalishaji kwa askari wa rungu, wa mkuki, wapiga kombeo na wapiga mishale. Ukishakuwa nao wa kutosha itoe, weka kitu cha kukuza miji.

Mashamba waache wapore. Najua inauma kuona shamba linafuka moshi, ila askari anayepora zamu hiyo hapigi mji, na mjenzi analitengeneza baadaye bila kupoteza hata chaji moja (zile kazi chache anazoweza kufanya kabla hajaisha). Mjenzi mwenyewe na mlowezi waingize mjini zamu ya kwanza ya vita, wakitekwa hao ndo hasara ya kweli.

Kufika zamu ya saba nane hivi utaona wanapungua, waliojeruhiwa wanarudi kwao. Usiwafuate. Mimi nilishapoteza wapiga mishale wawili kwa kufukuza askari mmoja mwenye uhai 12 mpaka karibu na mji wake, wakatokea watatu wapya msituni, mji wangu ukabaki na askari mmoja na ukaanguka zamu nne baadaye.

Zamu ya 10 ikipita fungua mazungumzo kila zamu. Usikubali tu amani tupu, kama umemuulia watu wengi muulize anatoa nini, mara nyingi anaongeza dhahabu ya mkupuo au ya kila zamu. Mkataba unakupa zamu 10 nyingine za usalama, hizo mimi natumia kumaliza ukuta wa mji ulio karibu naye na kumtoa mlowezi wa tatu, naye namweka upande ule ambao jirani hayupo.