Kutengeneza elektrodi ya kupimia vitamini C kwa kaboni ya vifuu vya nazi

Elektrodi ni kipande kinachopitisha umeme kati ya kifaa cha kupimia na kimiminika kinachopimwa.

Hatua ya 1. Osha vifuu, vikaushe, vivunje vipande vidogo, kisha vichome kwa nyuzijoto 500 hivi katika tanuri linalopitishiwa naitrojeni, ili vigeuke mkaa badala ya majivu.

Hatua ya 2. Saga mkaa huo, uchanganye na hidroksidi ya potasiamu iliyo mara tatu ya uzito wake, kisha uupashe hadi nyuzi 800, bado ndani ya naitrojeni. Hapa kaboni hutobolewa vitundu vingi, vingine vyenye upana usiofika nanomita 2. Iache ipoe kabisa kabla ya kuitia maji kidogo kidogo, kwa kuwa huenda imebakiwa na potasiamu yenyewe, ambayo huwaka ikikutana na maji.

Hatua ya 3. Osha kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, halafu kwa maji safi ya maabara mpaka pH (kipimo cha uasidi) ikaribie 7. Nawasihi msiiharakishe hatua hii, maana chembe za chuma na shaba zitokazo kwenye mmea huichochea vitamini C iungane na oksijeni ya hewa, na kipimo kikapungua bila nyinyi kujua sababu.

Hatua ya 4. Changanya sehemu ndogo ya kaboni hiyo na unga wa grafiti na mafuta ya parafini, shindilia ndani ya mrija wenye waya, kisha sugua uso wake juu ya karatasi laini.

Hatua ya 5. Pima katika bafa ya fosfeti, yaani mmumunyo unaozuia pH isibadilike sana. Kila molekuli ya vitamini C hutoa elektroni 2, na mkondo wa umeme huongezeka kadiri vitamini inavyoongezeka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mkondo wangu umekuwa mkubwa sana kuliko wa grafiti tupu. Je, nimefaulu?

Jibu: Bado, ndugu. Uso wenye vitundu vingi huongeza pia mkondo wa kuchaji, ambao upo hata pasipo vitamini. Kwa hiyo pima kwanza bafa peke yake, ndipo ulinganishe vilele, yaani sehemu za juu kabisa za grafu ya mkondo.

Swali: Katika juisi ya ubuyu, nitajuaje kwamba kilele ni cha vitamini C?

Jibu: Ongeza kimeng'enya cha askobeti oksidesi, ambacho huioksidisha vitamini C isiweze tena kutoa elektroni, kisha pima tena, mkondo utakaobaki mahali pale ni wa vitu vingine, nao unapaswa kutolewa katika hesabu.