Kupoza kompyuta yenye kadi mbili za grafiki katika joto la Dar

Kwenye kompyuta ya gemu yenye kadi mbili za grafiki, inayoteseka ni kadi ya juu. Feni zake zimeangalia chini, karibu ziguse mgongo wa mwenzake, na hewa kidogo inayopenya hapo katikati imeshapashwa moto. Ikifika miezi ya kaskazi chumba kina nyuzi 32 kabla hujawasha kitu. Feni haiwezi kushusha joto chini ya lile la hewa inayoivuta, kwa hiyo kazi ni kuifikishia kadi ya juu hewa ambayo haijatumika.

Pima kwanza, usikimbilie Kariakoo kununua feni. Washa HWiNFO64, programu ya kusoma joto, cheza gemu nzito dakika 30, andika joto la kila kadi. Toa kava la ubavuni, rudia. Kadi ya juu ikishuka nyuzi tano au zaidi, kesi (boksi la kompyuta) haipumui. Isiposhuka, shida ni pengo kati ya kadi, au vumbi na pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na kipozeo, iliyokauka. Angalia pia kama kadi ya pili inafanya kazi kweli: kampuni ya NVIDIA iliacha kuongeza profaili mpya (mipangilio ya kila gemu) za SLI, mfumo wake wa kufanya kadi mbili zifanye kazi pamoja, kwa kadi za RTX 20 na za kabla yake tangu Januari 2021, na gemu nyingi za sasa hutumia kadi moja tu. Kama gemu zako ndizo hizo, chomoa kadi ya chini. Hakuna feni itakayokupa nafuu ya namna hiyo, na ni bure.

Kama zote mbili zinahitajika, tafuta nafasi. Sloti na sloti, yaani matundu ya kuchomekea kadi, zimeachana kama milimita 20. Lenga kubakiza angalau sloti moja tupu kati ya kadi. Kabla ya kuhamisha ya chini soma kitabu cha mazabodi (bodi kuu): SLI inataka angalau x8, yaani njia nane za data, na sloti ya mwisho mara nyingi ni x4, ukiichomeka huko haitakubali. Daraja la kuunganishia nalo lazima lifike umbali mpya. Kadi nzito huinama upande wa mbele ya kesi na kula pengo ulilolihangaikia, basi itegemeze kwa kiguzo. Vibati vya nyuma vya sloti tupu, ving'oe.

Halafu hewa. Feni mbili au tatu za milimita 120 mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa, inatosha kwa kesi nyingi. Kama kesi ina tundu la feni ubavuni, weka moja ikipuliza ndani, usawa wa pengo la kadi. Hiyo ndiyo inayolipa kuliko zote. Haina? Funga feni mbili za milimita 80 kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, zielekee pengo. Kugeuza feni kinyume ni kosa la kila siku: hewa hutokea upande wenye vishikio vya mota. Shika kipande cha tishu mbele yake, upande unaovuta kitanata. Soketi moja ya feni kwenye mazabodi kwa kawaida hubeba ampea 1, usiitundikie rundo.

Feni za kesi kwa kawaida hufuata joto la prosesa, hivyo kadi zinaweza kufika nyuzi 83 huku feni zimesinzia. Tumia programu ya FanControl kuzifungamanisha na kadi ya juu: kasi ya asilimia 50 kwenye nyuzi 50, asilimia 100 kwenye 75.

Kisha punguza moto wenyewe. Kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80; kasi hupungua kidogo tu. Kadi mbili za wati 250 ni wati 500 zinazoishia chumbani, kama pasi ndogo isiyozimwa. Ukijumlisha prosesa na vinginevyo unafika 700 hivi, zaidi ya robo ya uwezo wa kiyoyozi cha BTU 9,000. Usiisukumizie kesi ndani ya kabati la meza; iachie sentimita 15 kutoka ukutani.

Vumbi la Dar likikutana na unyevu huganda kama utando kwenye mapezi ya alumini. Safisha kwa brashi laini na bloa ndogo, ukishikilia panga za feni zisizunguke. Kompresa ya mafundi wa tairi hutema maji, iache. Joto la sehemu kali zaidi ya chipu likizidi la kawaida kwa nyuzi 25, badilisha pesti. Vipande laini vya kupitisha joto kwenye memori, vipime unene kabla ya kununua vingine: kikizidi hata nusu milimita, kipozeo hakikai sawasawa juu ya chipu, na kadi itarudi ikiwa na joto kuliko ulivyoifungua.