Kuandaa Zana za Urejeshaji katika Seva ya Duka

Maduka mengi ya jumla ya Kariakoo huweka hesabu zake zote katika seva moja iliyo chini ya meza ya karani. Mwenye duka anayetumia Windows Server hana sababu ya kukimbilia kununua programu nyingine ya kuhifadhi nakala, kwa kuwa mfumo huo una zana zake za urejeshaji, ingawa nyingi kati ya hizo hazifanyi kazi mpaka uziwashe.

Anza na WinRE, mfumo mdogo uliofichwa katika diski, ambao hukuwezesha kufanya matengenezo pale Windows yenyewe inapogoma kuwaka. Fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike reagentc /info, kisha usome mstari wa hali. Ukikuta neno Disabled, andika reagentc /enable. Hata ukikuta Enabled, tengeneza flashi ya usakinishaji ya toleo lilelile la Windows Server, kwa sababu diski ikifa, WinRE iliyomo hufa nayo.

Hatua ya pili ni kuongeza Windows Server Backup, programu ya kuhifadhi nakala, kupitia Server Manager, yaani programu ya kusimamia seva, au kwa amri ya Install-WindowsFeature Windows-Server-Backup katika PowerShell, kidirisha kingine cha amri. Unapopanga ratiba, chagua nakala ya seva nzima, si folda za hesabu peke yake, ili uweze kuirudisha seva yote kwenye diski tupu. Programu itapendekeza saa tatu usiku, jambo ambalo kwa Kariakoo halifai hata kidogo, kwani maduka mengi hufungwa jioni na mlinzi huzima swichi kuu ya umeme anapoteremsha geti. Nimekuta ratiba iliyopangwa vizuri kabisa ambayo kwa miezi kadhaa haikutoa hata nakala moja kwa sababu hiyo. Panga saa saba mchana. Nakala huchukuliwa faili zikiwa bado wazi, na karani huendelea na kazi yake.

Nakala hiyo ielekeze kwenye diski ya nje iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Programu itaifuta yote na kuificha isionekane miongoni mwa diski nyingine, kwa hiyo hamisha kwanza picha za harusi zilizomo. Usishawishike kutumia folda ya mtandao badala yake, maana huko kila nakala mpya hufuta iliyotangulia. Nunua diski mbili, uzisajili zote katika ratiba, kisha uzibadilishe kila wiki ili moja ilale nyumbani, kwani virusi vya kudai fidia vikiingia, diski iliyochomekwa nayo haitapona.

Kwa makosa madogo, kama karani kufuta faili la bei, washa Shadow Copies, yaani vivuli vinavyotunza hali ya awali ya faili, katika sifa za diski yenye folda za pamoja. Karani ataweza kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua Previous Versions bila kumwita fundi. Ratiba ya awali ni saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Ongeza Jumamosi, ambayo ni siku ya biashara kubwa. Vivuli hivi hukaa katika seva ileile na havizidi 64 kwa kila diski, kwa hiyo haviwezi kutumika badala ya diski ya nje.

Sasa jaribu. Katika kidirisha cha amri, andika wbadmin get versions uone tarehe za nakala zilizopo, kisha urudishe faili moja katika folda nyingine na kulifungua. Baada ya hapo azima kompyuta yenye diski isiyo ndogo kuliko ya seva, uiwashe kwa flashi ikiwa haijaunganishwa na mtandao wa duka, na urejeshe seva nzima ukiangalia saa. Mwambie mwenye duka urejeshaji huo ulichukua saa ngapi, kwa sababu siku seva ikifa, kwa muda usiopungua huo karani atakuwa akiandika mauzo katika daftari.