Jinsi ya kubishana juu ya mwamuzi na kiwango cha mchezaji katika futiboli ya Australia

Anayeishi magharibi mwa jiji la Melbourne hawezi kuyakwepa mabishano ya futiboli. Yanaanza kwenye treni ya kurudi kutoka uwanja wa MCG, yanaendelea kanisani au msikitini, na Jumatatu asubuhi yanamsubiri kazini. Mimi ni shabiki wa Western Bulldogs, timu ya Footscray, na nimekaa kwenye mabishano hayo miaka ya kutosha kutambua kwa nini mengi hayafiki popote: watu wawili wanabishana juu ya mambo matatu wakidhani ni jambo moja. Swali la kwanza ni kama mwamuzi alikosea. La pili ni kama kosa lake ndilo lililoamua mshindi. La tatu ni kama alikuwa anaipendelea timu fulani. Mwamuzi anaweza kukosea bila kubadilisha matokeo, na anaweza kubadilisha matokeo bila kumpendelea yeyote, kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo amua ni swali lipi unalolijibu, kisha ubaki nalo mpaka mwisho.

Kwa swali la kwanza, anza na sheria kama ilivyoandikwa kwa msimu huo. Wengi wetu tulikulia kwenye soka, na macho ya soka hutudanganya katika mchezo huu. Katika soka mpira ukigonga mlingoti na kuingia ni goli. Hapa mpira ukigusa nguzo ya goli, hata kwa ukingo tu, goli la pointi 6 linageuka kuwa pointi 1. Ukipita juu kabisa ya ncha ya nguzo, hiyo pia ni pointi 1, na hapo ndipo mashabiki wa Richmond walipoumia katika mechi ya mtoano ya Septemba 2022 dhidi ya Brisbane, wakati mpira wa Tom Lynch ulipotolewa kuwa goli na mwamuzi wa goli, kisha wakaguzi wa video wakaubadilisha kuwa pointi 1. Richmond ilifungwa kwa tofauti ya pointi 2. Mtu anaweza kubishana kama picha zilitosha kuubatilisha uamuzi wa aliyekuwa amesimama pale chini ya nguzo, na hilo ni bishano la haki kabisa, lakini asiyejua kanuni ya ncha ya nguzo hana pa kuanzia.

Sheria zenyewe hazitulii. Mwaka 2021 mchezaji anayemsimamia mpinzani mwenye mpira wa adhabu alikatazwa kusogea kutoka mahali pake. Mwaka 2022 kumnyanyulia mwamuzi mikono kwa kulalamika kukawa sababu ya adhabu ya mita 50, yaani mpinzani anasogezwa na mpira mita 50 mbele, na Julai mwaka huohuo waamuzi waliagizwa wasiwape tena mpira wa adhabu wachezaji wanaoinamisha kichwa au kupiga goti ili wakamatwe shingoni. Ukimwonyesha mwenzako mkanda wa 2019 kuthibitisha kosa la mwaka huu, mnazungumzia michezo miwili tofauti.

Sheria inayozua kelele kuliko zote ni ile ya kushikilia mpira. Mchezaji anakamatwa, na uwanja mzima unapaza sauti ya neno moja, "Boool!", yaani "ball", mpira, watu elfu themanini kwa pumzi moja. Hapa ni lazima uende polepole, kwa sababu sheria inauliza maswali kwa mpangilio. Je, mchezaji huyu alikuwa na nafasi ya kuutoa mpira kabla ya kukamatwa? Kama alikuwa nayo, kwa mfano alikwishapiga hatua kadhaa akiwa na mpira au alijaribu kumkwepa aliyekuwa anamjia, basi akikamatwa kihalali sharti autoe mara moja, kwa kuupiga kwa mguu au kwa ngumi, na akishindwa ni adhabu. Kama hakuwa na nafasi hiyo, anatakiwa afanye jitihada ya kweli ya kuutoa, na mpira ukimponyoka kwa nguvu ya yule aliyemkamata, mchezo unaendelea. Kuutupa kwa kiganja, kama mtu anayerusha chungwa, ni kosa wakati wote. Mwezi Mei 2024 AFL, ligi kuu ya mchezo huu, iliwaagiza waamuzi wapunguze muda wanaompa mchezaji aliyekamatwa, na tangu hapo filimbi inapulizwa mapema zaidi kuliko tulivyozoea.

Jioni moja, nikiwa upande wa bawa pale MCG, nilisimama na kupiga kelele pamoja na wote kwa sababu beki wa timu pinzani alikuwa amelaliwa chini na mpira haukuonekana. Mwamuzi alinyoosha mkono mchezo uendelee, kisha akaudai mpira auanzishe upya. Mama mmoja mzee aliyekaa kando yangu, mwenye skafu iliyopauka ya nyekundu, nyeupe na buluu, aliniambia niutazame mkono wa kushoto wa yule beki kwenye skrini kubwa. Niliutazama. Ulikuwa umebanwa ubavuni tangu mwanzo, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinausukuma mpira bila kuufikisha popote. Tena aliuokota mpira na kukamatwa karibu kwa wakati mmoja. Hakuwa na nafasi, na alijitahidi. Tangu siku hiyo ninahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, kuanzia pale mchezaji anapoushika mpira hadi mkono wa kwanza wa mpinzani unapomgusa. Nikikosa kufika mbili, sipigi kelele.

Uutazame mkanda kwa mwendo wake wa kawaida kwanza. Picha ya polepole huonyesha mguso ambao jicho la binadamu haliwezi kuuona, na pia humfanya mchezaji aonekane kama alikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Baada ya hapo uliza mwamuzi alikuwa amesimama wapi. Tangu 2023 kuna waamuzi wanne wa uwanjani badala ya watatu, na kila mmoja ana eneo lake, lakini kamera iliyoko juu ya jukwaa huona mgongo uliosukumwa wakati mwamuzi anaona kifua tu. Kwenye televisheni sauti ya mwamuzi husikika kupitia kipaza sauti chake, naye mara nyingi hutamka sababu palepale: hakuwa na nafasi, alisukumwa mgongoni, alikamatwa juu ya mabega. Isikilize sababu hiyo ndipo uipinge. Shabiki anayesema kwamba mwamuzi aliona msukumo usiokuwepo, ilhali mwamuzi alitoa adhabu ya kukamatwa shingoni, ameshindwa kabla hajaanza.

Swali la pili, kama kosa liliamua mechi, lina uzito wake kwa sababu historia ya mchezo huu ina mifano ya kila namna. Katika fainali kuu ya 2009 Tom Hawkins wa Geelong alipewa goli ingawa mpira ulikuwa umegusa nguzo. St Kilda ilifungwa kwa pointi 12. Kosa halina ubishi. Lakini lilitokea robo ya pili, na baada yake dakika nyingi zilichezwa na pande zote mbili zilikosa magoli, hivyo anayesema St Kilda ilinyang'anywa kombe anadai zaidi ya alichonacho mkononi. Linganisha na Agosti 2023 pale Adelaide Oval. Ben Keays wa Adelaide alipiga mpira dakika za mwisho kabisa, mwamuzi wa goli akasema umegonga nguzo, na mechi ikaendelea bila video kukaguliwa. Haukugonga. Adelaide ilifungwa na Sydney kwa pointi 1 na msimu wake ukaisha bila kuingia hatua ya fainali. AFL ilikiri kosa hadharani, ila matokeo yalibaki. Hapo unaweza kusema kwa sauti kamili kwamba uamuzi uligharimu mechi. Kipimo changu ni muda uliobaki, tofauti ya pointi, na kilichofuata uwanjani. Kosa la robo ya kwanza halistahili hasira ileile ya kosa la dakika ya mwisho.

Kudai matokeo yabadilishwe ni jambo jingine, na wanaodai wajue jinsi lilivyo adimu. Aprili 2006 mjini Launceston king'ora cha kumaliza mechi kililia, waamuzi hawakukisikia, mchezo ukaendelea, na St Kilda ikapata pointi iliyoifanya sare. AFL iliifuta pointi hiyo na kuipa Fremantle ushindi. Kilichoangaliwa pale ni kwamba mechi ilikuwa imekwisha. Haikuwa kwamba mwamuzi aliona vibaya.

Kuhusu upendeleo, nitasema la timu yangu. Katika fainali kuu ya 2016 Bulldogs tuliifunga Sydney 89 kwa 67 na kutwaa ubingwa wa kwanza tangu 1954. Tulipewa mipira ya adhabu 20, Sydney 8. Robo ya mwisho Easton Wood aliuendea mpira kwa kuteleza chini na kuligonga goti la Dan Hannebery, ambaye aliumia; sheria inakataza mguso wa namna hiyo chini ya magoti, na adhabu haikutolewa. Ilipaswa kutolewa. Ninalisema hilo huku bado nikikumbuka watu wazima wakilia barabarani Footscray usiku ule, na furaha yangu haijapungua kwa kulisema. Lakini 20 kwa 8 peke yake haithibitishi upendeleo. Timu inayofika kwanza kwenye mpira ndiyo inayokamatwa, na anayekamata ndiye anayefanya makosa ya shingo na mgongo. Anayetaka kuthibitisha upendeleo lazima apitie adhabu moja baada ya nyingine, zilizotolewa na zilizonyimwa, kwa pande zote mbili, na ni kazi ya saa tatu ambayo wengi hawaifanyi. Kelele za wenyeji ni hoja nyingine ninayoisikia, nami naipa uzito kiasi: klabu nyingi za Melbourne hugawana viwanja viwili, ilhali ile ya Perth au Adelaide humkaribisha mgeni kwenye jukwaa ambalo karibu lote ni la wenyeji.

Sasa kiwango cha mchezaji. Kosa la kawaida ni kufungua takwimu na kusoma namba moja, mara alizoutoa mpira kwa mguu au ngumi, kisha kutoa hukumu. Beki anayepasiana na wenzake nyuma bila kusumbuliwa anaweza kufikisha 30 bila kumdhuru mtu, na kiungo aliyepata 16 akiwa amekabwa mechi nzima na mtu aliyetumwa kumfuata yeye tu anaweza kuwa amefanya kazi kubwa zaidi. Soma kwanza alicheza wapi: muda aliokaa uwanjani, na mara ngapi alikuwa katikati mpira ulipoanzishwa. Kiungo aliyezoea kuwapo hapo mara 20 akishuka hadi 6, kocha amembadilishia kazi, na namba zake zote zitashuka bila yeye kushuka. Ndipo uangalie mipira aliyoigombania, mipira aliyoiingiza ndani ya mita 50 za goli la wapinzani, na alivyokaba. Usihukumu kabla ya mechi tano.

Kwa mshambuliaji mrefu acha takwimu kabisa walau kwa robo moja. Jumamosi moja nilimtazama wetu peke yake bila kuufuata mpira. Alikimbia kuuomba mara kumi na moja. Ulimfikia mara mbili, zote ukining'inia juu huku mabeki watatu wakimsubiri. Nyuma yangu walikuwa wanasema amekwisha.

Mfano unaonigusa zaidi ni Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya. Huko Sydney hakupata nafasi ya kudumu, na mwishoni mwa 2020 alihamia Port Adelaide. Akapewa kazi moja, kuwa beki anayekatiza mipira ya juu, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi bora cha Australia. Kabla ya kusema mchezaji hana kiwango, uliza kama amewahi kuwekwa mahali pake.

Tuzo nazo zisitumike kama hukumu. Medali ya Brownlow hutolewa kwa kura za waamuzi, 3, 2 na 1 baada ya kila mechi, na viungo ndio wanaoizoa. Mshambuliaji wa goli Tony Lockett aliipata mwaka 1987, na wa aina yake hajaonekana tena hapo. Beki asiye na kura hajathibitishwa kuwa mbaya.

Kuna mstari mmoja ambao kwangu hauvukwi. Adam Goodes, Mwaborijini aliyeshinda Brownlow mara mbili, alizomewa uwanja hadi uwanja mpaka akastaafu mwaka 2015, na wengi waliomzomea walijitetea kwamba alikuwa anajiangusha kutafuta mipira ya adhabu. Mwaka 2019 AFL na klabu zote 18 ziliomba radhi kwa kushindwa kumtetea. Ukisikia hoja ya mwamuzi au ya kiwango inamwandama mchezaji mmoja mweusi huku wenzake wanaofanya vilevile wakiachwa, itaje kwa jina lake hapohapo, hata kama msemaji ni wa jukwaa lako.

Kwa mechi ijayo chagua sheria moja na mchezaji mmoja tu. Andika kwenye simu kila uamuzi wa sheria hiyo, robo na dakika yake, na ulivyouona kabla ya marudio ya skrini. Baada ya king'ora mtafute shabiki wa timu pinzani uliyekaa naye karibu, umsomee maamuzi matatu ambayo timu yako ilibebwa, kisha umuulize yake.